Kutoka Dar kwenda kuwaona wanyama walio hatarini kutoweka: mwongozo kamili kwa msafiri wa Kitanzania

Mkazi wa Dar es Salaam anayetaka kuzunguka dunia kuwaona wanyama walio hatarini kutoweka, pamoja na kazi ya kuwaokoa, anaanza safari akiwa mbele ya wengi. Watu wa mabara mengine huweka akiba miaka mingi ili wafike Mahale au Mafia. Sisi tunahitaji nauli, kitambulisho cha NIDA na mipango. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia nyumbani, unavuka mpaka, ndipo unapanda ndege ndefu. Mpangilio huo ni wa makusudi: anayejua kusoma mradi wa uhifadhi ulioko Mang'ula, mlangoni mwa Udzungwa, hadanganywi kirahisi akifika Asia.

Chagua kazi kwanza, mnyama baadaye

Wengi huanza na picha ya faru au sokwe. Nakushauri uanze na maswali: nani anamlinda mnyama huyu, wapi, na kwa njia gani? Mnyama aliye hatarini ni adimu kwa maana yake yote. Unaweza kulipa kibali, ukatembea siku nzima, ukarudi umeona majani tu. Walinzi wa viota vya kasa, askari wa doria na uzio wa faru hawajifichi. Safari iliyopangwa kuizunguka kazi hiyo haikuachi mikono mitupu.

Ukishapata jina la mnyama, litafute kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, iliyoanza mwaka 1964 na inayosomwa bure mtandaoni. Angalia daraja lake, kama yuko hatarini tu au hatarini mno, kisha usome sababu. Sababu ndiyo itakayokuambia uende wapi na umuulize nani. Anayemalizwa na nyavu ana wavuvi wa kuzungumza nao, na anayemalizwa na mashamba ana wakulima.

Anzia umbali wa basi na boti

Safari ya kwanza ningeifanya Udzungwa. Kutoka stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, unapanda basi la Ifakara, unapita mji wa Mikumi na kushuka Mang'ula, ambako geti la hifadhi liko karibu na barabara. Milima hii ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1992, na unaingia kwa miguu. Hakuna gari la kukodi, na hapo ndipo gharama inaposhuka. Ndani yuko mbega mwekundu wa Udzungwa, na yuko nyani wa Sanje, ngolaga kwa wenyeji, ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu, ingawa watu wa hapo walimjua siku zote. Kipunji naye, anayeishi Rungwe na katika msitu wa Ndundulu huko huko Udzungwa, alitangazwa kwa dunia mwaka 2005. Hebu fikiria, nyani wakubwa namna hiyo, katika nchi iliyojaa watafiti.

Usiishie kwenye maporomoko ya Sanje na picha za selfi. Mang'ula ina somo gumu la uhifadhi: wakazi waliruhusiwa kwa miaka mingi kuokota kuni ndani ya hifadhi, hadi zuio la mwaka 2011. Muulize mama ntilie anapikia nini leo. Muulize askari nini kimebadilika msituni. Majibu hayo mawili, hata yakigongana, yatakufundisha kuliko ubao wowote wa maelezo.

Mafia ni safari ya pili. Kuna ndege ndogo za muda mfupi kutoka Dar, na kuna njia ya bei nafuu: gari kutoka Mbagala Rangi Tatu hadi Nyamisati, kisha kivuko hadi Kilindoni. Unamfuata papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye daraja lake lilipandishwa kuwa hatarini mwaka 2016. Nenda kati ya Oktoba na Machi, wanapokula karibu na uso wa maji mbele ya Kilindoni. Watafiti waliowafunga vifaa vya mawimbi ya sauti waligundua kwamba wengi hawahami kabisa. Nje ya msimu hushuka kina kirefu na kusogea mbali kidogo na pwani. Kwa hiyo anayekuuzia safari ya potwe mwezi Juni kwa maneno ya "utamuona tu" anakuuzia upepo. Mwezi huo fuata kasa. Kwenye kisiwa cha Juani vifaranga vya kasa wa kijani hutotolewa zaidi kati ya Juni na Septemba, na wanakijiji waliofunzwa ndio wanaolinda viota, wanaohesabu siku na wanaokuita ufukweni ikifika saa. Shirika la Sea Sense, lenye makao yake hapa Dar, limefanya kazi hiyo tangu mwaka 2001, na viota vingine liliwahi kuvifuatilia Kigamboni. Kabla ya kukata tiketi ya kwenda mbali, waulize kinachoendelea upande wa pili wa Kivukoni.

Unguja unaijua: boti asubuhi, daladala au teksi hadi Jozani, na kima punju wako juu ya miti ukingoni mwa barabara. Pemba haiendewi sana, nami naiona bora zaidi kwa lengo letu. Kule Kidike wapo popo wa Pemba, popo wakubwa wanaokula matunda, wasiopatikana kwingine duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki wachache tu kwa sababu ya kuwindwa kitoweo na kukatwa miti. Vijiji vikaunda vikundi vya kuwalinda, na idadi ikapanda hadi kufikia maelfu mengi. Ni moja ya habari chache za uhifadhi ambamo daraja la hatari lilishushwa, na haikuhitaji bunduki.

Hifadhi ya Nyerere ni ya mbwa mwitu, ambao dunia nzima wamebaki wazima wanaokadiriwa kuwa 6,600 hivi. Ukitokea Dar unapita Kibiti na Mloka hadi geti la Mtemere. Usijaribu mwezi Aprili. Mvua za masika huharibu barabara na kambi nyingi hufunga. Ukiwa huko muulize mwongozaji kuhusu tembo. Kwa nchi nzima walishuka kutoka zaidi ya 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014, na eneo hilo, wakati huo likiitwa Selous, ni miongoni mwa yaliyoumia zaidi. Askari waliokuwepo miaka ile wana ya kusimulia, ila uliza kwa adabu, kwani wapo waliopoteza wenzao.

Faru weusi wafuate Mkomazi, geti la Zange, karibu na mji wa Same kwenye barabara ya Moshi. Wanaishi ndani ya uzio wenye ulinzi, na wa kwanza waliletwa kwa ndege kutoka Afrika Kusini mwaka 1997. Sokwe wako Gombe na Mahale, kwa ndege au treni hadi Kigoma kisha boti ziwani. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika Gombe tarehe 14 Julai 1960 na akafariki Oktoba 2025. Wakazi wa Dar wana sehemu yao katika habari hiyo: mwaka 1991 wanafunzi 12 walikusanyika kibarazani kwake hapa mjini, na hapo ndipo ulipozaliwa mtandao wa vijana wa Roots & Shoots, ambao sasa uko nchi nyingi duniani.

Halafu kuna chura. Chura wa Kihansi alijulikana kwa sayansi mwaka 1996, akiishi kwenye eneo la takriban hekta mbili lililoloweshwa na rasharasha za maporomoko ya mto. Bwawa la umeme lilipochepusha maji, makazi yake yalikauka, na ugonjwa wa ukungu ukamalizia. Kabla hajapotea, vyura 499 walipelekwa Marekani mwaka 2000. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini, mwaka 2010 wazao wa wale waliokwenda Marekani walirudishwa kwenye kituo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuanzia 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni, ambako maji sasa hunyunyiziwa kwa mabomba. Anazaa watoto waliokamilika, bila kupitia hatua ya kiluwiluwi. Waliosema nchi inahangaikia vyura huku watu hawana umeme walikuwa na hoja, na waliomtetea chura walikuwa na hoja. Sijui mfano bora wa ugumu wa kazi hii, na uko Mlimani. Kituo si mahali pa kupita na kuchungulia. Andika barua rasmi kwa idara husika, eleza wewe ni nani na unataka kujifunza nini, kisha subiri jibu.

Vuka mpaka

Ukiwa na pasipoti ya Tanzania huhitaji viza kuingia Kenya, Uganda wala Rwanda. Faida kubwa zaidi iko kwenye bei. Mgeni kutoka nje ya Afrika hulipa dola 1,500 kwa kibali cha kuwaona sokwe wa milimani, yaani gorila, nchini Rwanda, na dola 800 Uganda. Raia wa Afrika Mashariki ana daraja lake la bei, chini sana ya hapo. Ulizia bei ya sasa moja kwa moja kwa mamlaka ya wanyamapori, si kwa dalali, na sema mapema kwamba wewe ni raia wa jumuiya.

Gorila wa milimani wamezidi 1,000 kidogo. Hesabu zilizojumlishwa baada ya sensa ya Bwindi ya mwaka 2018 zilifika 1,063. Mwaka huo huo wakatolewa kwenye daraja la hatarini mno. Wageni wasiozidi wanane hupelekwa kwa familia moja kwa siku, kwa saa moja, na aliye chini ya miaka 15 haruhusiwi. Jambo linalowaponza wengi Uganda: kibali cha Bwindi hutolewa kwa upande maalumu wa msitu, Buhoma, Ruhija, Rushaga au Nkuringo, na kutoka upande mmoja hadi mwingine ni mwendo wa saa kadhaa kwenye milima. Pata kibali kwanza, ndipo ulipie malazi.

Kenya, nenda Ol Pejeta, karibu na Nanyuki. Wako Najin na Fatu, mama na binti, faru weupe wa kaskazini wawili wa mwisho duniani. Dume wa mwisho, Sudan, alikufa Machi 2018. Wanasayansi huvuna mayai ya Fatu na kutengeneza viinitete kwa mbegu zilizogandishwa, ili vibebwe na majike wa faru weupe wa kusini. Hutakuwa na zaidi ya kusimama pembeni na kuangalia wanyama wawili wakila majani, lakini maelezo ya walezi wao ni ya kiwango cha juu.

Komoro husahaulika. Kutoka Dar kuna ndege hadi Ngazija, kisha unaunganisha kwenda Mwali, ambako wanakijiji wa Itsamia hulinda fukwe ambazo kasa wa kijani hupanda mwaka mzima. Lugha yao utaidaka siku ya pili.

Mbali zaidi

Hapa pasipoti ndiyo huamua. Malaysia hairuhusu tu Mtanzania kuingia kwa siku 30 bila viza, bali pia ina Sepilok, jimboni Sabah, kituo kilichoanzishwa mwaka 1964 kuwafundisha orangutani yatima kurudi msituni. Sabah ina ukaguzi wake wa uhamiaji, kwa hiyo utagongewa muhuri tena hata ukitoka Kuala Lumpur. Orangutani wa Borneo wamefika daraja la hatarini mno hasa kwa misitu kukatwa, mingi ikigeuzwa mashamba ya michikichi. Mafuta mengi ya kupikia tunayopimiwa Dar yana asili hiyo hiyo. Ukishasimama ukingoni mwa mto Kinabatangan ukaona michikichi ilivyopangwa kwa mistari hadi upeo wa macho, dumu la jikoni utalitazama kwa jicho lingine.

India hutoa viza kwa njia ya mtandao. Wengi hukimbilia chui milia, na haki yao: hesabu ya mwaka 2022 ilikadiria 3,682, baada ya mradi wa taifa ulioanza mwaka 1973. Mimi ningekwenda Gir, Gujarat, kwa simba wa Asia. Mwanzoni mwa karne iliyopita walikuwa wamebaki wachache mno, wakalindwa na Nawabu, yaani mtawala, wa Junagadh; sensa ya mwaka 2020 ilihesabu 674 na ya 2025 ikafika 891. Hatari yao sasa ni kurundikana eneo moja, ambako ugonjwa mmoja unaweza kuwafagia. Kuna na jambo la pembeni: karibu na Gir wanaishi Wasidi, watu wenye asili ya Afrika, na baadhi yao ni waongozaji wa wageni. Hifadhi hufungwa kuanzia katikati ya Juni hadi katikati ya Oktoba kwa sababu ya mvua. Kibali hununuliwa mtandaoni kwa namba ya pasipoti ile ile utakayoonyesha getini. Hapa Dar, marafiki zetu wengi wa Kisutu na Upanga wana ndugu Gujarat. Waulize kabla ya kumwamini wakala.

Afrika Kusini nako hakuna viza kwa ziara fupi. Kule Simon's Town, karibu na Cape Town, pengwini wa Afrika hutazamwa kutoka kwenye njia ya mbao. Mwaka 2024 walipandishwa daraja hadi hatarini mno, na sababu kubwa ni upungufu wa dagaa baharini.

Karatasi na chanjo

Anza na pasipoti, angalau miezi mitatu kabla. Nchi nyingi hutaka iwe na miezi sita ya uhai siku unapoingia. Chanjo ya homa ya manjano upigwe kwenye kituo kinachotambuliwa na serikali, na kadi iwe halisi. Huanza kukubalika siku kumi baada ya sindano, na tangu mwaka 2016 kadi hiyo inahesabika ya maisha. Kadi za kununua mtaani hukamatwa, na hata isipokamatwa, mbu hasomi kadi.

Fedha

Kwa hifadhi zetu, kiingilio cha raia ni sehemu ndogo ya gharama. Kinachokula pesa ni gari na boti, na vyote viwili hukodiwa kwa chombo, si kwa kichwa. Watu sita wakichangia gari la Mtemere, mzigo unabebeka. Mtu mmoja hawezi. Ndiyo maana naamini kikundi cha kikoba ni njia bora ya safari hizi kuliko mkopo: mnachanga kwa miezi, mnakwenda wote, na mnapatana bei kama kundi. Kwenye hifadhi za taifa malipo hayafanywi kwa fedha taslimu, kwa hiyo lipia kabla au uwe na kadi, na usimpe mtu noti getini akuingize. Kitambulisho cha NIDA beba chenyewe. Picha yake kwenye simu inaweza kukataliwa ukalipishwa kama mgeni. Epuka wiki ya Sabasaba na Pasaka kama unataka utulivu.

Kumpima mwenye mradi

Hapa usione haya kuuliza sana. Neno "hifadhi" halina hakimiliki. Mtu yeyote mwenye banda na simba mtoto anaweza kuliandika kwenye bango.

Uliza kwanza kama wageni huwashika wanyama. Jibu likiwa ndiyo, ondoka. Mtoto wa simba wa kubebwa hukua baada ya miezi michache, na katika baadhi ya mashamba ya Afrika Kusini mwisho wake umekuwa kuuzwa kwa wawindaji. Serikali yao ilitangaza mwaka 2021 nia ya kukomesha ufugaji huo. Kisha uliza wanyama walitoka wapi, wangapi wamerudishwa porini, na wangapi walikufa. Mradi wa kweli hukuambia na vifo. Ukisikia mafanikio matupu, shuku. Bwawa la kasa unaloalikwa kuogelea nao liulizwe hivyo hivyo: wanaachiwa lini, na nani hushuhudia?

Swali la mwisho waulize majirani, siyo mradi: tembo akila shamba, mnafanyaje? Mnapata nini? Kijiji kinachojibu kwa hasira hakimaanishi mradi ni mbovu, lakini kinakuonyesha pale ambapo kazi itakwama.

Ukiwa porini na majini

Mafua na kikohozi ni yetu, kwa sokwe na gorila yanaua. Ukijisikia vibaya asubuhi ya safari, sema, hata kama kibali kimelipiwa. Vaa barakoa unapoambiwa, kaa mita kumi, usile wala kutema mate karibu nao. Kwa potwe, usimguse, kaa mita tatu au zaidi, na mkia upishe kabisa. Usiruke majini mbele ya uso wake.

Mavazi yawe ya rangi ya udongo. Bluu iliyokoza na nyeusi huwavuta mbung'o, na Nyerere watakukumbusha. Mifuko ya plastiki iache nyumbani: imepigwa marufuku kwetu tangu Juni 2019, Kenya tangu 2017, na Rwanda hupekua mabegi mpakani. Darubini ndogo ni ununuzi wenye maana kuliko kamera kubwa.

Usinunue wala kuokota pembe, ngozi, gamba la kasa, matumbawe au kombe la baharini, hata muuzaji akiapa ni halali. Mkataba wa CITES, wa kimataifa kuhusu biashara ya viumbe walio hatarini, hufuata bidhaa hizo kwenye kila uwanja wa ndege, na "nilipewa zawadi" haijawahi kuwa kibali.

Picha zenye kazi

Zima kwanza alama ya mahali kwenye simu kabla ya kupiga picha ya faru. Majangili nao wana intaneti. Usiweke mtandaoni picha yoyote inayoonyesha mtu amembeba sokwe au nyani mchanga, hata kama ni mlezi wa kituo, kwa kuwa picha hizo huchochea biashara ya watoto wa wanyama.

Picha nyingine zinatafutwa na watafiti. Potwe hutambulikana mmoja mmoja kwa madoa yake, na kinachohitajika ni upande wa kushoto, juu ya pezi na nyuma kidogo ya matamvua, mnyama akiwa amenyooka. Andika tarehe, saa na mahali siku hiyo hiyo, na uangalie kama ana kovu au pezi lililokatika. Ukiwa bado kwenye boti muulize nahodha picha zipelekwe kwa nani. Kilindoni hata manahodha huwajua baadhi ya potwe kwa makovu yao.